Dumu Lililokataliwa

Bibi aliyeketi nyuma yao ndani ya basi alimwomba Mungu amsamehe kwa kusikiliza, kisha akasogeza sikio.

Mfugaji alipakata dumu la maziwa lililokataliwa asubuhi ile kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Aliyekaa ubavuni mwake ndiye mpimaji aliyelikataa. Basi halichagulii mtu jirani. “Shangazi, kipimo kimeona dawa. Ile sindano ya ugonjwa wa kiwele bado haijamtoka ng'ombe.” Mfugaji akaguna. “Hicho kidude kinamjua ng'ombe wangu kuliko mimi?” “Ng'ombe hakimjui. Kinaijua dawa, hata ikiwa chembe tu.”

“Basi wifi yangu wa mgahawani atayachemsha.” Mpimaji akatikisa kichwa. “Kuchemsha kunaua vijidudu, shangazi. Dawa inabaki palepale, na wapo inaowadhuru. Wewe ungeyanywa?” “Mimi maziwa hunipa kiungulia,” alijibu mfugaji. Bibi akaona kiungulia hicho kimejua saa ya kuja.

Basi likasimama mbele ya mgahawa. Wifi alikuwa amekwisha kufika mlangoni, mikono mbele, akisema wateja wamejaa. Mfugaji akashuka ngazi moja, dumu kalikumbatia kifuani. “Subiri kwanza, wifi,” alisema, wala hakusema asubiri nini.