Bi. Katunge na Marefa Wawili

Bi. Katunge Nzau anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na tisa katika ofisi ya ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamifu hapa chuoni. Kumi na minne kati ya hiyo nimekaa kwenye dawati linalotazamana na lake, na kazi hii ya kumuaga siipendi hata kidogo.

Alianza kama karani wa kupiga chapa, Kitui mjini, ofisi ikiwa na kabati moja na wanafunzi wanne. Tangu hapo wamepita mikononi mwake wanafunzi zaidi ya mia mbili. Aliwatafutia wafadhili, akawahimiza waandike ripoti, akawafuata hadi mashambani Kiboko kuona kama mtama wanaousimulia umeota kweli. Wachelewaji walimwogopa kuliko wasimamizi wao wa tasnifu. Nami nilimwogopa, na kikombe chake cha chai sikuwahi kukigusa.

Kisa cha Kiilu kinajulikana hadi getini. Fomu ya kuomba ufadhili ilitaka majina ya marefa wawili, yaani watu wanaomfahamu mwombaji na kazi yake. Kiilu, kijana wa Kanyangi, akaandika marefa wawili wa mpira wanaochezesha ligi ya kwao, pamoja na namba zao za simu. Kamati ilicheka, ikaiweka fomu kando. Bi. Katunge hakucheka; alipiga simu. Refa mmoja akamweleza kwamba Kiilu ni beki, na akicheza rafu huinua mkono mwenyewe kabla kipenga hakijalia. Fomu ikarudi mezani. Leo Dkt. Kiilu anafundisha sayansi ya udongo, na tangu siku ile kila mwombaji wetu hutakiwa kuleta refa mmoja asiye mwalimu.

Februari mfadhili wetu mkuu alijiondoa kwa barua ya aya mbili. Wanafunzi kumi na mmoja wakabaki hewani. Bi. Katunge alikuwa na likizo yake ya mwisho, akaiacha, akaanza kubisha milango. Kumi wamepata pa kumalizia. Wayua, anayetafiti wadudu wa ndengu, hakupata. Amerudi kwao Kikima akiwa amebakiza mwaka mmoja tu.

Jambo hilo limemuuma Bi. Katunge, wala hafichi. Mafaili yote ameyakabidhi kwa utawala wa chuo isipokuwa la Wayua. Nafasi ya Bi. Katunge haitajazwa, na ofisi itafungwa siku anayoondoka. Keki tutakata, ila sijui nani atakuwa na hamu nayo.

Wiki jana Wayua alituletea nakala ya fomu aliyotuma kwa mfadhili mwingine. Penye refa wa pili ameandika jina la Bi. Katunge na namba yake ya simu. Penye cheo ameandika: mstaafu.

Mama, asante kwa miaka yote hiyo. Nenda ukapumzike, mvua ikukute umeshapanda, na siku zako ziwe nyepesi. Tunakuomba jambo moja tu: namba usiyoijua ikikupigia, shika simu.