Mwalimu Evelina Maige, Aliyefundisha Bila Sauti

Marehemu Evelina Maige alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Nansio, Ukerewe, mtoto wa tatu wa Mzee Mihayo Maige na Mama Modesta. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari hapa Mwanza. Madaftari yake ya Biolojia yalikuwa na michoro mingi kuliko maneno, na aliadhibiwa kwa hilo.

Alihitimu ualimu Tabora mwaka 1994. Alianzia kazi Buhongwa, baadaye akahamia Buswelu, alikofundisha hadi mwisho. Mwaka 1997 alifunga ndoa na Ndugu Nestory Bwire, wakajaliwa Odeta na Pius.

Agosti 2019 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Upasuaji uliokoa maisha yake, ila sauti haikurudi. Alishauriwa akae ofisini, akakataa. Alirudi darasani akawa anafundisha kwa kuchora. Wanafunzi walikuwa wengi, wa nyuma hawakuona ubao, na mwanafunzi akikosea, mwalimu hakuwa na namna ya kumweleza. Jioni alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu kabla ya kuvua viatu.

Mwaka 2023 Yash, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mtaalamu wa kompyuta, alimletea kishikwambi chenye mfumo wa kufundishia unaotumia akili mnemba. Ulieleza michoro yake kwa sauti nzuri ya kike. Yash alidhani amemrudishia alichopoteza. Evelina alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwandikia: “Sitaki mashine inisemee. Ifundishe kutazama wanachochora watoto, halafu iwaulize.”

Kazi hiyo iliwachosha wote wawili. Mfumo uliwahi kuusifu mchoro wa moyo usio na vali, wakaanza upya. Kisha Gladness wa kidato cha pili, ambaye mada ya mzunguko wa damu ilikuwa imemshinda kabisa, alichora damu ikitoka kwenye mapafu na kwenda moja kwa moja miguuni. Mfumo haukumwambia amekosea. Ulimwonyesha mchoro wake mwenyewe na kuuliza, “Hapa nani anaisukuma?” Binti alitazama, akafuta, akaipitisha kwenye moyo. Mwalimu aliketi akalia. Yash anasema haikuwa furaha tu, alikuwa amechoka.

Saratani ilirudi Oktoba 2025. Mumewe alimwambia, “Mama Odeta, sasa acha.” Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchora kitandani mpaka mkono ulipokataa. Alifariki tarehe 11 Februari 2026, hospitalini hapa Mwanza. Mada ya mimea kwenye mfumo huo haijakamilika. Yash ameahidi kuimalizia, na familia imemwomba asijiumize.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada yake Dorcas, na wanafunzi ambao hawakuwahi kuisikia sauti yake.

Mwenyezi Mungu ampokee. Hakupumzika akiwa nasi, apumzike sasa.