Honi ya Kufungulia Geti

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vipuri. Miguu mitatu ni ya mbao, wa nne ni rundo la tairi mbovu, na rundo hilo nililipanga mimi kwa mikono yangu, mwenye ubishi aje. Asubuhi hukaa hapa Msumari, mziba pancha ambaye wateja wanaamini humwaga misumari njiani akija kazini. Kinyozi, asiyeweza kunyoa akiwa amenyamaza. Muuza kahawa na birika lake. Na mimi, niliyewahi kuendesha kila chenye magurudumu isipokuwa kitanda cha hospitali. Siku hiyo akaja na gari lake Gia Tatu, dereva mstaafu, tunayemwita hivyo kwa kuwa gari lile halijawahi kuonja gia ya nne. Nyumba yake ni ile ya pembeni, ukisimama unaiona. Mkewe tulimzika kabla ya mvua. Watoto walikuja, wakalia, wakarudi walikohamia. Sote tunajua, na hapa benchi hakuna anayelitaja.

— Nataka honi kubwa, alisema Gia Tatu hata kabla ya kukaa. Hii iliyokuja na gari imekwisha. Napiga getini, sisikiki.

— Imekwisha vipi, mzee? akauliza Msumari. Jana si ulimpigia yule mbuzi hapa, akaruka mtaro?

— Mbuzi ana masikio makubwa. Mimi nasema nyumbani. Zamani nikipiga mbili fupi tu, geti linafunguka kabla sijakanyaga breki. Siku hizi napiga, napiga, mpaka majirani wanachungulia.

Kinyozi akawahi kumjibu.

— Tatizo ni geti lenyewe. Umelipaka rangi mara nyingi mno. Sauti inafika, inateleza, inarudi kwako. Ndiyo maana wewe unajisikia, ndani hawakusikii.

— Acha hizo, Kinyozi! akadakia Msumari. Rangi na honi wapi na wapi? Ni ukuta wa jirani. Tangu aongeze ghorofa, sauti zote za mtaa zinaishia kwake. Mke wangu akiniita kula, anakwenda kula jirani.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamimina nje ya kikombe. Nikaona hawa wanaharibu elimu, nikakohoa.

— Sikilizeni, watu wazima. Mimi nimeendesha lori lenye honi ya upepo, ile inayojazwa na pampu. Siku moja niliipiga mlimani, kondoo aliyekuwa anavuka akazaa pacha palepale.

— Wiki iliyopita ulisema ng'ombe, akanikumbusha Kinyozi.

— Huyo alikuwa mlima mwingine! Gia Tatu, ndugu yangu, weka ya upepo, tarumbeta mbili. Nene inapita ukutani, nyembamba inaingia chini ya mlango.

— Jikoni inafika?

Aliniuliza taratibu, kama mtu anavyomuuliza daktari.

— Inafika mpaka ndani ya sufuria, nikasema.

— Basi sawa. Maana akiwa jikoni anaweka redio juu.

Kinyozi alichukua taulo lake begani akaanza kufuta benchi ambalo halikuwa na vumbi. Msumari ndiye aliyeokoa jahazi:

— Redio tunaishinda, mzee! Mbili mbele ya gari, moja juu ya paa.

— Paa la gari?

— La nyumba! Tunaielekeza chini, kwenye bomba la moshi. Ukipiga, masizi yote yanashuka.

— Ndogo hiyo, nikasema. Tukang'oe ile honi ya treni pale stesheni. Treni yenyewe haiji tena, honi inamfaa nani?

— Na ukiipiga, akaongeza Kinyozi, geti linajifungua lenyewe kwa woga!

Hapo Gia Tatu akacheka. Kicheko chake hatukuwa tumekisikia tangu kabla ya mvua, kilitoka na kutu, kikakwama, kikatoka tena. Basi tukazidi kuongopa. Mimi nilimleta hadi kondoo wa tatu.

Tukiwa katikati ya uongo, fundi wa umeme wa magari akatoka dukani na boksi. Ni dada mgeni, amehamia mtaa huu juzijuzi, na Gia Tatu alikwisha kumpa kazi kabla ya kuja kutuuliza. Akatuamkia vizuri, akafungua boneti. Honi ya zamani ilitoka, kisahani chembamba kama kifuniko cha kopo. Akafunga mbili zilizojikunja kama konokono, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri, akapachika fyuzi yake. Akabonyeza. Kikombe changu kikaniruka mkononi, na Msumari akajikuta amesimama.

— Aaah! tukashangilia.

Gia Tatu hakushangilia.

— Fundi, ndani itasikika?

— Hapa hatuwezi kujua, mzee wangu. Hapa hata kiziwi anasikia. Twende getini kwako tuipime. Mpigie simu aliyeko nyumbani, asimame jikoni, na hiyo redio niliyowasikia mkiitaja aiweke juu kama kawaida. Mimi napiga, yeye anatuambia amesikia vipi. Yuko nani sasa hivi?

Msumari aliinamia tairi aliyokwisha kuiziba. Muuza kahawa akatikisa birika, akalisikiliza. Mimi, ninayeongopa tangu nina meno ya utoto, nilitafuta uongo hata mdogo wa kumpa yule dada, sikuupata. Gia Tatu alitoa simu mfukoni, akaiwasha, akabaki ameishika karibu na uso, kidole hewani.

Fundi alidhani ni macho yanayomsumbua. Akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu yake mwenyewe.

— Usihangaike, mzee, akasema kwa upole. Nitajie namba, nimpigie mimi.