Baiskeli ya Bi Tunu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Tunu wa Mbwawa, Kibaha. Alizaliwa Tanga mjini. Akaolewa na Mzee Zaidi, mtu wa Kisarawe, wakakaa pamoja miaka thelathini na minne. Bi Tunu amefia Tanga. Amezikwa Tanga. Mumewe hakuwepo.

Kwa nini hakuwepo? Mzee Zaidi ukimuuliza, atakuonyesha ukuta wa nyumba yake. Pana alama ya X, rangi nyekundu. Watu wa mradi wa barabara waliipiga miaka saba iliyopita, wakasema mwenye nyumba asiende mbali, wathamini wa fidia wanakuja. Asiyekuwepo hahesabiwi. Mzee Zaidi darasa la nne hakumaliza. Neno la mkubwa kwake lilikuwa neno. Akakaa.

"Walisema wiki mbili," anasema. "Wiki mbili zao zina miaka saba. Wao Idi wanakwenda makwao. Sisi tunalinda ukuta."

Kila mwaka Bi Tunu alifunga mizigo ya kwenda kwao, na kila mwaka aliifungua. Mwezi wa sita mwaka huu hakuifungua.

"Baba Salama, X hii haina miguu. Twende zetu."

"Wakija je?"

"Haya, baki na mke mwenzangu huyo wa ukutani."

Jumatatu akaondoka na binti yao Salama na wajukuu wawili. Mzee Zaidi aliwasindikiza hadi kituoni Maili Moja, akarudi kulinda ukuta.

Kaka wa marehemu, Bwana Abdulwahab, anakaa Ngamiani, hapo Tanga mjini. Anasimulia kwamba Jumanne asubuhi dada yake aliiona baiskeli ya nyumba ile uani. Akakaza mtandio, akakusanya dera lake, akapanda. Miaka sitini na mmoja huyo. Akaenda sokoni akipiga kengele, akarudi na fungu la samaki, vibua, limening'inia kwenye usukani. Wajukuu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Bibi, umejifunza wapi?"

"Huku ndiko Tanga. Huku mtoto anajua baiskeli kabla hajajua uongo."

Wasikilizaji wapendwa, hilo Mzee Zaidi hakulijua. Miaka thelathini na minne, hakujua kwamba mkewe anapanda baiskeli. Salama alipompigia simu, alikataa.

"Acha utani, Salama. Mama yako huyu huyu? Hebu mpe nimsikie."

Akasikia kengele tu, inapita.

Alhamisi alfajiri Bi Tunu hakuamka. Presha, alisema daktari. Salama akapiga simu tena.

"Baba, tukusubiri?"

"Msimcheleweshe mama yenu. Mzikeni. Nakuja."

Alifika jioni, udongo bado mbichi. Shemeji yake akampokea mkono. "Shemeji, waja leo," akasema, akaishia hapo. Watu wa Tanga huwa wanaongeza kwa mzaha, warudi leo? Siku hiyo hakuongeza.

Na wathamini? Wiki ile hawakuja.

Mzee Zaidi alikaa Tanga mpaka arobaini ikasomwa. Alipoaga, Bwana Abdulwahab akampa ile baiskeli. Ikapanda basi, ikafika Mbwawa. Mzee hajui kuiendesha. Ameiegemeza ukutani, juu ya ile X.

Juzi wathamini wamekuja. Kijana mmoja mwenye karatasi, kwa adabu tu, akamwambia, "Shikamoo mzee. Tunaomba usogeze baiskeli, alama haionekani."

"Marahaba. Alama nimeitazama mimi miaka saba. Leo itazameni baiskeli nyinyi."

Hakuisogeza. Ipo pale pale.

Tunampa pole Mzee Zaidi. Pole Salama na wanao, pole Bwana Abdulwahab na ndugu wote wa Ngamiani. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Tunu. Nawe unayetusikiliza, usimngoje mkubwa akupe ruhusa ya kumpeleka mwenzako kwao. Na kabla hamjalala leo, muulize: kuna kitu gani unakijua, ambacho mimi sijawahi kukuona ukikifanya?