Sista Candiru na Chupa ya Nusu Lita

Tarehe 30 Juni Sista Joyce Candiru anastaafu, akiwa ameitumikia kliniki yetu ya sukari na presha kwa miaka thelathini na mitatu. Katika hiyo, tisa alikuwa kaimu msimamizi. Kaimu, miaka tisa. Waliokuwa na uwezo wa kulifuta neno hilo wanajijua, na leo ni siku ya furaha, kwa hiyo tuliache hapo.

Alianza mwaka 1992 mjini Arua kama muuguzi msaidizi, akipima presha kwa mashine moja iliyofungwa plasta. Kila Alhamisi alikwenda Koboko kuwahudumia wagonjwa wa huko. Kwa mujibu wa daftari la kliniki amekosa Alhamisi ishirini na moja tu, na nyingi kati ya hizo alikuwa amejifungua.

Umaarufu wake ulitoka kwenye bia. Wauguzi wengine waliwaambia wagonjwa waache pombe. Wagonjwa wakaitikia, wakaenda zao kunywa. Sista akaona afadhali kuhesabu. Alichora chati ukutani, kwa chupa moja: bia nyepesi kalori 100, lager ya kawaida 145, bia nyeusi kali 210. Akabishana na mkoa wetu mzima wa West Nile, unaoamini kwamba bia nyeusi ni chakula na ile nyingine ni maji tu. Rangi hainenepeshi mtu, alisema. Angalia ukali wa pombe kwanza, halafu utamu uliobaki ndani. Nyeusi isiyo kali inaweza kuwa chini ya lager. Kwete, pombe ya kienyeji ya mahindi, haikuwa na namba popote, basi akazunguka vilabu vya pombe vya Oli na Manibe na jagi lake la plastiki, akipima kibuyu kimoja kinabeba kiasi gani. Akina mama wanaoipika walidhani ni mtu wa kodi. Muuguzi mwenzake, Sumayah, ambaye hajaonja bia maisha yake yote, aliishika chati yote kichwani, na wagonjwa wakamwita Profesa wa Pombe.

Chati ile ilikuwa na kosa, na wasifu usiolitaja ungekuwa wa uongo. Namba zilitoka kwenye kitabu cha ng'ambo, ambako chupa ni mililita 330. Chupa yetu hapa ni 500. Mgonjwa aliyekunywa lager mbili aliandika 290, kumbe tumboni zimeingia 440. Mia na hamsini za ziada kila siku, miezi saba. Karani wa takwimu, ndiye anayeandika haya, aliyejifunza asilimia kwenye duka la nafaka na si chuoni, aliuliza mapema juu ya ukubwa wa chupa. Aliambiwa abaki na mafaili yake. Si Sista aliyesema hivyo.

Aliyeumia ni Anicet, Mkongo anayeuza vitenge soko la Koboko, mwenye kidonda mguuni. Sukari yake haikushuka.

"Sista, mimi iko nakunywa mbili tu," aliapa. "Mie ni mutu ya kweli."

Sista alimwita muongo mbele ya benchi zima la wagonjwa. Anicet akachukua kofia yake, akaondoka, na Alhamisi tano hakuonekana. Hospitalini walikuwa wameanza kutaja kukata mguu.

Safari hii karani alimpelekea Sista mwenyewe karatasi ya hesabu, siku ya Ijumaa. Aliisoma mara mbili. Hakungoja Alhamisi. Jumamosi, soko likiwa limejaa, alifika Koboko na chupa mbili tupu, ndogo na kubwa, akazisimamisha juu ya vitenge vya Anicet.

"Baba, nilikuita muongo mbele ya watu, na nimerudi mbele ya watu," alisema. "Wewe ulihesabu vizuri. Karatasi yangu ndiyo ilidanganya."

Anicet alizitazama chupa. "Sasa mbili yangu iko ngapi?"

"Iko tatu ya hii ndogo."

"Tatu. Muke yangu alikuwa anasema tatu siku zote."

Soko likacheka, naye akacheka, na Alhamisi akarudi kwenye benchi. Alishuka mpaka chupa moja, kisha akaacha kabisa. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Mguu umebaki.

Chati mpya ni ya chupa ya 500: nyepesi 150, lager 220, nyeusi kali 320. Imechapwa kwa rangi, na chini yake yapo majina ya watu waliokuja siku moja kupiga picha. La Candiru halimo. Basi liandikwe hapa: chati ni ya Joyce Candiru. Tena ametuachia desturi: sukari ya mgonjwa isiposhuka, tunakagua kwanza karatasi yetu, ndipo tumuulize yeye.

Anicet aliomba kuja kwenye sherehe, akajibiwa kwamba viti ni vya wafanyakazi tu. Tumemwekea kiti, safu ya mbele.

Asante, Sista. Nenda Manibe kwenye mihogo yako, ulale mpaka jua lichome, na afya uliyowapigania wengine ikae nawe siku zote.