Tovuti ya Kambi Yetu na Jina la Baba

Assalaamu alaykum warahmatullah! Ashukuriwe Mola aliyenisimamisha leo mbele yenu nikiwa na uso wa kutazamana na watu, kwani palikuwa na siku nilitamani ardhi inimeze. Semeni alhamdulillahi! Sikusikiini. Wenye maduka mliojificha nyuma kule, semeni tena!

Ndugu zangu, nimeitwa hapa Ibra nizungumze juu ya tovuti za biashara ndogo ndogo. Aliyenialika alitaka somo. Mie masomo nimesomesha mpaka nikastaafu, yamenitosha. Leo nimekuja kushukuru. Kwa msionijua, mie ni Zuwena, binti wa marehemu Mzee Nasori. Nimezaliwa Unguja mjini, nikaletwa huku Uarabuni ningali mtoto mdogo, nikawa mwalimu wa skuli hapa hapa Ibra. Baadhi yenu niliwafinya masikio, na nawaona wamefanikiwa, mashaallah, basi wasinikasirikie.

Nilipostaafu, mie na kaka yangu Saidi tulifungua kambi ya wageni Al Mintirib, pale mchanga unapoanzia. Tukajenga vibanda, tukatandika mikeka, tukaajiri mpishi. Kambi tukaipa jina la baba yetu: Kambi ya Mzee Nasori. Kaka Saidi ni mtu wa maneno machache na msikiti mwingi. Ardhi ni yake, na kwake lile jina ni amana. Mgeni akija kwa jina la baba, lazima apokewe kama baba mwenyewe angempokea, kwa kahawa, tende na uso mkunjufu. Ukikosea hapo, kaka hasemi kitu, anakutazama tu, na afadhali angekupiga.

Ikaja miaka ya elfu mbili, kila mtu anataka tovuti. Harithi, mtoto wa shangazi yetu, akatutengenezea. Aliutoa mfumo wa kuendeshea tovuti mtandaoni, yaani ile mitambo ya ndani inayokuwezesha kuandika na kutia picha bila ya kujua lugha ya kompyuta. Akaupachika vikorokoro vya bure, hiki cha kalenda, kile cha picha zinazoyeyuka, kisha akapata kazi Dubai akaondoka zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa ule mfumo kuutengeneza. Sisi tulijua tovuti ni kama kibao cha njiani: ukishakisimamisha, kimesimama.

Na wageni wakaja, ndugu zangu! Wajerumani, Wafaransa, watu na watoto wao, wote wametuona kwenye mtandao. Mie nikatembea kifua mbele.

Sasa sikilizeni ujinga wetu, na najua ni ujinga wenu pia. Tovuti ilikuwa na neno la siri moja tu, jina la bibi yetu mzaa baba. Nani katika ukoo hamjui bibi yake? Ami Khalfani wa Jalan Bani Bu Hassan alilitaka atie picha za ngamia wake, akapewa. Wifi yangu alilitaka atangaze mabuibui anayoshona, akapewa. Samia, mtoto wa ndugu yangu anayekaa Sur, alipewa, na sijui Samia alimpa nani. Mtu mzima wa ukoo akikuomba ufunguo wa nyumba yenye jina la nduguye, utamwambiaje hapana? Kwetu sisi mlango wa majlisi, chumba cha kupokelea wageni, haufungwi. Basi na tovuti tukaifanya majlisi.

Siku moja, msimu wa baridi, ambao ndio wa wageni, unakaribia, akanipigia simu mwalimu mwenzangu. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye kwenye matanga. "Zuwena, mmefungua nini huko?" Nikamwambia tumefungua nini, tuna kambi yetu ile ile. Akasema, "Hebu itazame tovuti yenu, lakini usiitazame na watoto."

Nikaifungua. Ya Rabbi! Juu limeandikwa jina la baba yangu kwa herufi kubwa nzuri. Chini yake kamari, ulevi, na picha ambazo sitozieleza hapa wala pengine. Baba yangu! Mtu ambaye sikumsikia hata siku moja kutamka neno chafu! Nikaizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, kana kwamba kuchomoa waya kwangu kutaufunga mtandao wa dunia nzima.

Kaka alishaambiwa msikitini. Alikuja kwangu, hakukaa. "Zuwena, jina la baba litoke huko. Na kama msimu ukianza hali ni hii, kambi naivunja. Khalas. Sitaki riziki ya kumvunjia heshima marehemu." Nikamsihi, nikamwambia kambi ndiyo kitu pekee tulichokijenga pamoja tangu tulipofika nchi hii. Akasema, "Ndiyo maana nakungoja mpaka msimu." Akaondoka.

Ndugu zangu, maji yalinifika shingoni! Nikampigia Harithi. Akausafisha uchafu kwa mbali, akaniambia nibadilishe neno la siri. Nikalibadilisha. Haikupita wiki, Ami Khalfani akanipigia amenuna: ngamia wake ameshinda mbio, anataka kutia picha, mlango umefungwa. "Nimekuwa mwizi siku hizi, binti Nasori?" Ami yangu huyo, aliyenipakata! Nilipatwa na haya, nikampa neno jipya. Yeye akampa wifi, wifi akampa Samia. Na uchafu ukarudi, mara hii umeongezeka! Tundu walilopitia wezi lilikuwa kwenye vikorokoro vilivyozeeka au kwenye neno la siri lililotembea mji mzima, nani ajuaye? Tulikuwa na yote mawili.

Nikaenda Maskati kwa mfanyabiashara mmoja wa tovuti. Kijana mtanashati, kanzu imenyooka, ananukia udi mpaka barabarani. Akanionyesha mfumo unaopepea, picha zinaruka, muziki unalia. Nikamuuliza, "Likionekana tundu, nani analiziba?" Akacheka, akasema mfumo wake hauna tundu. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nimesomesha watoto maisha yangu yote, na aliyeniambia hana kosa hata moja ndiye niliyemkagua daftari kwanza.

Hapo ndipo Mola aliponifungulia njia. Nizwa kulikuwa na binti mmoja, Rahma, fundi wa kompyuta. Wazazi wake wametoka Bujumbura, na Kiswahili chake cha bara kilinichekesha, lakini wallahi, kichwa chake si cha kuchekwa! Kaka Saidi ndiye aliyenipeleka kwa gari, kwa sababu hawezi kuniacha niende peke yangu hata akiwa amekasirika. Tulipita Bidbid tukakata njia ya Nizwa.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee," Rahma akatwambia. Tukaitikia. Akaitazama tovuti yetu, akatikisa kichwa. "Mama, hapa sekyuriti hamna kabisa. Huu mfumo haujafanyiwa matengenezo tangu siku ulipowekwa. Na mnaingia wangapi kwa paswedi hii moja?" Nikaanza kuhesabu ukoo. Nilipofika kwa wakwe akaniambia, "Basi mama, imetosha!"

Hakuniuzia kitu. Alinifundisha kuuliza, na mie mwalimu nilikaa nikafundishwa. Uliza waliotengeneza mfumo bado wapo na wanaushughulikia, au wamekufa nao. Uliza likionekana tundu wanalitangaza na kuliziba, au wanalifunika. Ukiambiwa upachike kikorokoro, uliza ni cha nani na una haja nacho kweli? Uliza nakala ya jana inawekwa wapi, ili leo ikiharibika uirudishe. Na uliza kama kila mtu anaweza kupewa ufunguo wake, yaani neno lake mwenyewe la siri, unaofungua chumba chake tu.

Hapo nikamkatiza. "Chumba chake tu? Yaani Ami Khalfani naweza kumpa ufunguo wa ngamia?"

Rahma akacheka. "Wa ngamia tu, mama. Ukurasa wa wageni kuagiza nafasi hataugusa. Hata akitaka hawezi."

Subhanallah! Ndugu zangu, niliona kama nimetuliwa gunia kichwani! Siku zote zile nilidhani sina budi kuchagua kati ya usalama na heshima, nimfungie ami yangu mlango au niwaachie wezi jina la baba yangu. Kumbe wako watu mahali fulani duniani, hawanijui wala hawamjui Ami Khalfani, wamekaa wakatengeneza kitu ambacho humpa kila mtu haki yake bila ya kumtia mtu aibu. Niliwaombea dua pale pale kitini.

Tuliupima mfumo mmoja, tukaukataa, haukuwa na nakala za akiba. Wa pili ndio tulionao. Sura yake ni ya kawaida, hauchezi wala hauimbi. Lakini wenyewe wanaoutengeneza ndio wanaouweka kwenye mashine zao na kuutia marekebisho, mie nimelala. Kila ukurasa unakumbuka ulivyokuwa jana na juzi. Na Harithi asinisikie, vikorokoro vyake tuliviacha vyote, tukahamisha maandishi na picha zetu peke yake, baada ya Rahma kuzikagua moja moja. Napenda mtu anayefanya kazi hivyo! Napenda na kitu kilichotengenezwa hivyo, kwa uangalifu, na mtu ambaye hatokuja kuniomba shukurani.

Kurudi, tulisimama Bidbid tukanywa chai ya maziwa. Kaka akauliza swali moja tu: "Na wakija tena?" Nikasema, sijui, kaka, tutaona. Akanywa chai yake.

Ijumaa iliyofuata nikawaita wakubwa wote kwa kahawa nikawagawia funguo, kila mtu wake. Ami Khalfani alipoona ana ukurasa mzima wa ngamia wake, wenye jina lake juu, alifurahi akasahau kununa. Wifi naye akapata wa mabuibui. Kaka peke yake hakutaka. "Mie simo," akasema.

Msimu ukaanza. Wageni wa kwanza wako njiani, kaka ameingia ofisini kwangu na kikombe chake cha kahawa kuuliza wamefika wapi. Nikamfungulia tovuti nimwonyeshe jina la kiongozi wao. Na pale kwenye ukurasa wa picha, ndugu zangu, uchafu! Umerudi! Mbele ya macho ya kaka yangu!

Sikuweza kumtazama. Nikapiga moyo konde, nikakumbuka niliyofundishwa. Nikauliza mfumo: nani kaingia hapa? Ukanionyesha: ufunguo wa Samia. Maskini, nilikuja kujua, aliutumia kwenye kompyuta ya kukodi dukani kule Sur, akaondoka bila ya kufunga, na aliyemfuata akaukuta wazi. Nikaufunga ufunguo ule. Nikazitazama kurasa nyengine, zote safi! Kambi safi, ngamia safi, na pale wageni wanapoandika majina yao hapakuguswa, kwa sababu ufunguo wa Samia haukufika huko. Nikaurudisha ukurasa wa picha ulivyokuwa jana. Ukarudi! Mchanga wetu, vibanda vyetu, watoto wa wageni wanateleza kwenye tuta. Kahawa ya kaka ilikuwa bado ya moto.

Nilisubiri aseme kambi anaivunja. Alikaa. Kaka yangu, aliyesimama tangu siku ile ya aibu kila akija kwangu, alivuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Ufunguo wa Samia mtengenezee mwengine, asije akavunjika moyo, lakini mfundishe." Akaigeuzia kompyuta upande wake. "Na mie je? Wangu uko wapi?"

Nililia, sikufichini. Nilikuwa sikulia kwa uchafu wala kwa hofu, nikaja kulia kwa swali lile.

Nikampa ufunguo wake, ukurasa mmoja, mtupu. Nilidhani ataandika nyakati za sala au bei za vibanda. Aliuandika kwa muda mrefu, kidole kimoja kimoja, hataki nimsaidie. Ameandika juu ya baba yetu: duka lake pale Unguja, namna alivyotushika mikono tulipoondoka, neno alilomwambia kaka njiani ambalo mie, niliyekuwa nimelala begani kwa baba, sikuwahi kulijua mpaka nilipolisoma kwenye tovuti kama mgeni mwengine yeyote.

Alhamdulillahi, alhamdulillahi, sichoki kuisema! Ndugu zangu wenye maduka ya halwa, wenye magereji, wenye kushona na kukodisha magari, msikae na mfumo uliokufa kwa sababu ulikuwa wa bure. Ulizeni nani anauziba, ulizeni nakala iko wapi, mpeni kila mtu wenu ufunguo wake, na mumtegemee Mola baada ya hapo. Msione haya kwenda kwa Rahma, wala kwa mwengine aliye mkweli kama yeye. Na mkirudi majumbani leo, ifungueni tovuti ya Kambi ya Mzee Nasori, muitazame pamoja na watoto wenu. Jina la baba yetu liko juu, na chini yake ni maneno ya mwanawe.