Chumba cha Derrick

Nelima, zima redio hiyo ukae. Wekoye, wewe sogea karibu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki kurudia maneno haya. Ya mali ni mafupi: shamba la Ndalu mtaligawa katikati, msichana sawa na mvulana, na wajomba zenu wakinung'unika waambieni nilisema mimi nikiwa na akili zangu timamu. Nyumba hii ya Kitale isiuzwe mama yenu akiwa hai. Hayo yameisha.

Linaloninyima usingizi ni lingine, na linakuhusu wewe zaidi, Wekoye, kwa sababu chuo kimekuandikia barua uwe mlezi wa bweni kama nilivyokuwa mimi, na jana nilikusikia ukimwambia dada yako ati ni kazi ya kupita mara moja kwa wiki.

Mimi nilikaa miaka kumi na moja katika ile nyumba iliyo getini mwa bweni la wavulana. Nilikula nao githeri, nikaamua ugomvi wao wa maji ya kuoga, wakaniita baba. Lakini sikuingia chumbani mwa yeyote hata siku moja. Mnajua kwetu Bukusu: mtoto akishatahiriwa akapata kibanda chake, baba hakanyagi ndani, akimtaka husimama nje akaita. Wale walikuwa wanaume na mimi ni baba yao, basi nilisimama mlangoni nikaita, nikajiona mtu wa heshima. Mwalimu mwenzangu Wahome, aliyelea bweni la pili, alikuwa akiingia, anakaa kitandani kwa kijana, anafunua sufuria aone kama amekula. Nilimcheka mbele ya walimu, nikasema kwao hakufunzwa adabu, na hatukusalimiana tena mpaka akahamishwa. Mkimpata, mwambieni yeye ndiye aliyekuwa sawa.

Mwaka wa elfu mbili kumi na nane, Derrick wa Mabanga, mwanafunzi wa kilimo, hakuonekana darasani Jumatatu. Mwenzake wa chumba alikuwa amekwenda mazishini. Nikasimama mlangoni nikamwita, akaitika, "Niko sawa, mwalimu, ni homa tu." Jumanne hivyo hivyo, sauti ikiwa chini. Jumatano Wilkista, mama aliyesafisha bweni, akanifuata na ndoo mkononi, akaniambia, "Mwalimu, si uingie umuone, huyu mtoto hako sawa." Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, ningeusukuma kwa kidole. Nikamwita mara mbili. Safari hiyo hakujibu, nikajiambia amelala, nikaenda zangu kusahihisha mitihani. Wenzake walipomtoa Alhamisi asubuhi shingo ilikuwa imekakamaa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na hakufika hospitali akiwa hai.

Kamati iliponiuliza, nilisema alikuwa amejifungia kwa ndani. Nikasema tena kwamba hakuna aliyenipa habari. Wilkista akaachishwa kazi, ati alimwona mgonjwa akanyamaza. Akachukua leso yake akaenda. Na Roselyne, mama yake Derrick, amekaa miaka yote hii akiamini mwanawe alijifungia mpaka akafa. Mwaka juzi tulikutana sokoni Bungoma, akanishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini alijifungia? Mimi nilimkosea nini?" Nikamwambia amwachie Mungu. Wanangu, nilimwambia hivyo, kisha nikanunua viazi vyangu nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo Wekoye, ukiikubali barua ile, hamia pale pale, ulale pale, na uingie. Bisha hodi, kisha ingia. Ukiona haya, ona haya ukiwa ndani. Usipoweza, ikatae. Na siku ya kunizika, asisimame mtu wa chuo aseme nilikuwa baba wa wanafunzi. Nilikuwa nimepanga kwamba mkishanizika mwende Mabanga mkamweleze Roselyne, kisha mumtafute Wilkista mumwombe...

Nipe maji. Kidogo tu.

Hapana. Nikijisikia nikisema hivyo, naona ninawatwika aibu yangu nikiwa bado napumua. Wilkista mtaniitia aje hapa, kesho, kama nitakuwepo. Mungu awalinde. Awape watoto wenye maneno mengi, na nyumba isiyo na siri kama hii yangu. Nimewabariki wote wawili, hata wewe Nelima, na ukaidi wako.

Sasa toa simu. Namba ya Roselyne iko katika lile daftari la kijani, nimekuwa nayo tangu Bungoma. Mpigie. Niwekee sikioni, mkono hauinuki. Msitoke, kaeni msikie.

Inaita.

Haloo, mama Derrick. Ni mwalimu, yule wa bweni... Ndiyo, naumwa, lakini hilo liache. Uko na mtu hapo? Keti kwanza, mama. Keti. Derrick hakujifungia.